Vitufe Visivyosema Vinachofanya: Uzoefu Wangu na Programu ya Uhasibu

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikitumia kazini programu moja ya uhasibu inayofanya kazi kwenye kivinjari, kuanzia kuandika ankara za wateja hadi kufunga hesabu za mwezi. Hesabu zake sijawahi kuzitilia shaka: urari hulingana, ripoti hutoka zikiwa kamili, na ulinganishaji wa taarifa za benki uliokuwa ukinichukua siku mbili sasa huumaliza asubuhi moja. Kinachonichosha ni vitufe vyake, na nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu tatizo hili halionekani wakati wa maonyesho ya mauzo. Huonekana pale tu kazi inapokuwa nyingi.

Nianze na kitufe cha Hifadhi. Katika ukurasa wa ankara, kitufe hicho huhifadhi rasimu ambayo unaweza kuirudia na kuirekebisha upendavyo. Katika ukurasa wa malipo, kitufe chenye jina lilelile, rangi ileile ya kijani na mahali palepale kwenye kona ya chini upande wa kulia, huingiza malipo moja kwa moja kwenye leja, yaani daftari kuu la hesabu, na kuyafunga. Kwa mhasibu, tofauti hiyo ni kama ya penseli na wino, kwa kuwa kilichokwisha kuingia kwenye leja hakifutwi, bali husahihishwa kwa kuandika ingizo jingine la kinyume, na yote mawili hubaki pale mkaguzi atakapoyakuta. Katika wiki yangu ya kwanza niliweka malipo ya mteja mmoja kwenye akaunti ya mwingine mwenye jina linalokaribiana, nikahifadhi nikidhani nitayahakiki baada ya kutafuta stakabadhi, na niliporudi nikakuta kila kisanduku kimefungwa. Kama kitufe kile kingeandikwa "Ingiza kwenye Leja", nisingekigusa kabla ya kuishika stakabadhi mkononi.

Kosa lililoniumiza zaidi lilitokea jioni ya kufunga mwezi. Nilibofya "Hifadhi na Utume" chini ya ankara ndefu, na hapakutokea chochote: kitufe hakikufifia, hakuna alama iliyozunguka, wala hakuna neno lililojitokeza. Nikangoja, kisha nikabofya tena. Muda mfupi baadaye zikatokea ankara mbili zenye nambari zinazofuatana, zote zikiwa zimekwisha kutumwa kwa mteja kwa barua pepe. Ilinibidi nimpigie simu kumwomba radhi, kisha niandike hati ya kupunguza deni ili kuiondoa ile ya pili. Mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, Jakob Nielsen, alikwisha kueleza mwaka 1993 kwamba jibu likichelewa zaidi ya sekunde 1 mtu huanza kukatika mawazo, na likipita sekunde 10 umakini humpotea kabisa, hivyo anahitaji kuonyeshwa kwamba kazi inaendelea. Dawa yake si ngumu. Kitufe kizimwe mara tu kinapobofywa, na seva ipokee kila ombi pamoja na nambari yake ya pekee, ili ombi lilelile likifika mara mbili, la pili likataliwe.

Tafsiri ya Kiswahili imeongeza utata wa aina yake. Nilifurahi sana nilipoona programu ina Kiswahili, na bado nakitumia, lakini inaonekana aliyetafsiri alipewa orodha ya maneno bila kuonyeshwa kurasa zenyewe. Neno "Futa" limewekwa kwenye kitufe kinachosafisha vigezo vya utafutaji, jambo lisilo na madhara yoyote, na pia kwenye kitufe kinachoondoa kumbukumbu ya mteja moja kwa moja. Vyote viwili viko kwenye ukurasa mmoja. "Ondoa Vigezo" na "Futa Mteja" yangetosha kabisa kuvitenganisha. Tena unapotaka kubatilisha ankara, hutokea kidirisha kinachouliza, "Je, una uhakika unataka kughairi ankara hii?", na chini yake kuna vitufe viwili: "Ghairi" na "Sawa". Anayetaka kughairi ankara hubofya "Ghairi", kidirisha kikafunga, na ankara ikabaki hai. Nimemshuhudia mwenzangu akirudia jambo hilo mara tatu huku akiamini kwamba programu imekwama. Tena mpangilio wenyewe hautabiriki: Windows huweka "Sawa" kushoto kwa "Ghairi", na macOS huweka kitufe cha kukubali upande wa kulia, lakini programu hii hufuata utaratibu mmoja katika kurasa fulani na mwingine katika kurasa nyingine, kwa hiyo mkono haupati mazoea.

Kuna mengine madogo. Ukibonyeza Enter ndani ya kisanduku cha maelezo ili uanze mstari mpya, fomu nzima huwasilishwa. Alama za kuhariri na kufuta zimebanana, ilhali WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 wa kurasa za wavuti zinazotumika kwa urahisi na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, unataka eneo la kubofya lisipungue pikseli 24 kwa 24, au liachiwe nafasi ya kutosha pembeni. Kitufe cha "Funga Mwezi" nacho hubaki cha kijivu bila kutoa sababu. Mara moja nilitafuta karibu saa nzima, nikagundua kilichokizuia ni rasimu moja iliyosahaulika.

Niliwaandikia watengenezaji nikiambatisha picha za skrini, na nawashukuru kwa kujibu kwa heshima. Katika toleo la hivi karibuni, "Hifadhi na Utume" sasa hufifia mara tu kinapobofywa, na tangu hapo sijapata ankara pacha. "Hifadhi" ya ukurasa wa malipo na vile vitufe viwili vya "Futa" havijaguswa. Kwa mhasibu anayefanya kazi peke yake na kwa utulivu, programu hii naipendekeza. Kwa ofisi inayopokea wafanyakazi wapya mara kwa mara siipendekezi bado, na nimemshauri meneja wetu kwamba mkataba utakapofika wakati wa kuhuishwa, marekebisho ya vitufe hivyo yawe sharti la kwanza.