Nimempata Julia Domna kwa pauni 85: meza moja ya sarafu za kale, London

Kazi yangu ni kusuka nywele, na kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye sarafu za wanawake wa Roma ya kale. Mteja mmoja alinionyesha kwenye simu sarafu ya Faustina Mkubwa, mke wa Kaisari Antoninus Pius, akaniuliza kama naweza kumsuka vile. Misuko yote imepandishwa utosini, ikazungushwa kama kata ya kubebea ndoo. Nikamsuka kwa saa mbili na nusu. Tangu siku hiyo sijaacha kuwatafuta wanawake hawa.

Sarafu yangu ya kwanza niliinunua mtandaoni, na wala sikushika lenzi. Faustina huyohuyo, pauni 60. Ilipofika herufi zake zilikuwa zimelegea kama sabuni iliyotumika, na ukingo mzima ulikuwa na mstari mwembamba uliouzunguka. Sikujua maana ya ule mstari. Ni pale kalibu mbili zinapokutana, yaani sarafu ilikuwa ya kusubu, ya kumimina madini yaliyoyeyushwa, bandia. Mafundi wa Roma waliweka kipande cha fedha kati ya chapa mbili wakakipiga nyundo, kikatandazika, mara nyingi ukingo ukapasuka kidogo. Sarafu ya namna hiyo haina mshono. Muuzaji yule hakunijibu hata ujumbe mmoja.

Ndiyo maana nataka kuisifu meza ya mzee mmoja, kwenye gulio la sarafu linalofanyika hapa London mara moja kwa mwezi katika ukumbi wa hoteli. Nimenunua kwake mara nne sasa. Siku ya kwanza nilimwambia nimeshaibiwa. Hakunishawishi wala hakunisifia kitu. Alisogeza mizani ndogo na lenzi mbele yangu, akaweka dinari tatu, sarafu za fedha za Roma, juu ya kitambaa, akaniambia nizishike, ila kwa ukingo, nisiguse uso. Akaniacha, akaenda kunywa chai. Nilikaa pale karibu nusu saa peke yangu na wale wanawake.

Niliyemchukua ni Julia Domna. Gramu 3.1, upana milimita 18, maandishi IVLIA DOMNA AVG (AVG ni Augusta, cheo cha mke wa Kaisari), zile za miaka 193 hadi 196, mwanzo wa utawala wa mumewe, Kaisari Septimius Severus. Upande wa pili yuko Venus, mungu wa kike wa mapenzi, ametupa mgongo, nguo imeteremka hadi kiunoni, ameegemea nguzo, mkono mmoja tunda, mwingine tawi la mtende.

Lakini mimi nilinunua kichwa. Nywele zimegawanywa katikati, zimeshuka pembeni kwa mawimbi mazito yaliyofunika masikio, na kichogoni zimekunjwa fundo pana lililolala bapa. Fundi wa chapa amechonga kila wimbi kwa mstari wake, kwenye nafasi isiyozidi ukucha wa kidole changu kidogo. Ukiinamisha sarafu kwenye mwanga unayaona yanapanda na kushuka. Wengi husema lilikuwa wigi. Kuna msusi wa Baltimore, Marekani, Janet Stephens, aliyelitazama sanamu la Domna kwenye jumba la makumbusho la huko akaanza kuichunguza misuko ya Kiroma mwenyewe. Mwaka 2008 alichapisha hoja yake kwamba mitindo hii ilishonwa kwa sindano na uzi kwenye nywele za mtu. Mimi nilimwamini hata kabla sijajaribu, maana nywele za kuunga tunazishona hivyohivyo kila siku. Nilipojaribu kwa pini peke yake, fundo la kichogo liliporomoka. Kwa sindano lilikaa mpaka jioni.

Kuna jambo jingine lililonishika kwa Domna. Bibi yangu kule Unguja alikuwa na riale moja ya fedha ndani ya mtoto wa kasha, yenye mwanamke mnene wa kifua, aliyejitanda ushungi. Ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, sarafu ya mwaka 1780 iliyozunguka pwani yetu yote, na wazee waliiita reale ya Shamu. Shamu ni Syria, na Maria Theresa hakuwa mtu wa Syria. Domna ndiye. Alizaliwa Emesa, Homs ya leo, akaolewa na Mwafrika wa Leptis Magna, Libya, akawa mke wa Kaisari, akafuatana na mumewe hadi Uingereza hii ninayoishi mimi. Nikimshika, namshika bibi wa Shamu wa kweli.

Na kwa sababu hiyo hiyo nilimuuliza yule mzee imetoka wapi. Syria imeporwa sana tangu vita vilipoanza mwaka 2011, na mimi sitaki fedha yangu impe mtu sababu ya kuchimba makaburi ya watu usiku. Alinipa kikaratasi cha zamani kilichokuwa na sarafu, mwandiko wa mkusanyaji mwingine kabisa, wino umefifia, pamoja na risiti ya mnada ya miaka ya sabini. Akaandika kwa mkono wake kwamba ikithibitika ni bandia ataichukua na kurudisha fedha, bila kikomo cha muda. Muuzaji asiyeweza kukupa viwili hivi mwache, hata kama bei yake ni nusu.

Sasa kasoro. Mwanga wa ukumbi ule ni mbaya, taa ziko juu mno na za njano, huwezi kutofautisha kutu ya asili na rangi iliyopakwa. Hapokei kadi. Na ana sahani moja ya sarafu zilizosuguliwa mpaka zinang'aa kama kijiko kipya. Nilimwambia wazi kwamba hizo zimeharibiwa. Alikubali, na bei zake kweli ni za chini, lakini hajaandika popote kwamba zimesafishwa, na mgeni hatajua. Hilo alirekebishe.

Kuhusu bei, mwenye mfuko mdogo aanze na Salonina, mke wa Kaisari Gallienus. Nilimpata kwa pauni 22. Fedha ndani yake ni kidogo, rangi imekuwa ya kijivu, lakini chini ya mabega ana hilali, mwezi mwandamo, alama ya wanawake kwenye sarafu za aina ile; wanaume walivalishwa taji la miale ya jua. Plotina, mke wa Kaisari Trajan, nilionyeshwa mmoja tu, pauni 1,400. Nilimtazama vizuri nikamrudisha kwenye kitambaa.

Ninayemsubiri ni Domna wa pili. Mwaka 211 Severus alifariki York, na kabla mwaka haujaisha mwanawe Caracalla akaagiza mdogo wake Geta auawe, naye akafia mikononi mwa mama yao. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyeishi zama hizo, anaandika kwamba mama hakuruhusiwa hata kumlilia. Sarafu zake za baada ya hapo zina jina jingine, IVLIA PIA FELIX AVG, na uso umejaa, shingo imenenepa. Nataka niwaweke wawili hao pamoja, bibi harusi wa Shamu na mama aliyefiwa, nione fundi aliacha nini kwenye macho.

Mzee ameniwekea mmoja, pauni 95, mpaka gulio lijalo. Safari hii nakwenda na taa yangu.