Mkanda, kizimba na kigingi: vifaa vya kumsafirisha mbwa hadi Lushoto

Karibuni tena, watazamaji. Mezani kuna vitu vitatu: mkanda wa kifuani wa kumfungia mbwa ndani ya gari, kizimba cha waya cha kukunja, na kigingi cha kuzungusha ardhini. Vyote tunavipima kwa safari moja, kutoka Mombo kupanda hadi Lushoto, kisha kupiga hema kwenye milima ya Usambara. Barabara ile ni kilomita thelathini na kitu tu, lakini inapanda karibu mita 1,000, kona juu ya kona. Kifaa kinachofanya kazi vizuri mjini, pale kinaumbuka.

Tuanze na mkanda. Tazameni hapa kifuani: pana, una sponji, vidole viwili vinapita kati yake na manyoya. Hicho ndicho kipimo. Tatizo ni klipu hizi za plastiki. Gari likifunga breki ghafla, mbwa wa kilo 25 anavuta kwa nguvu mara nyingi ya uzito wake, na plastiki hupasuka. Tafuta wenye vifungio vya chuma, na mshono uliorudiwa mara kadhaa pale ringi inaposhikilia. Kamba ya kuunganisha kwenye mkanda wa siti iwe fupi: mbwa aweze kukaa na kulala, asifike katikati ya siti za mbele. Na jamani, kamwe usiifunge kwenye kola ya shingoni. Breki moja inatosha kumvunja shingo.

Kizimba nakipa alama zaidi, ila kwa sharti. Mbwa asimame, ageuke, ajilaze. Kikiwa kikubwa kupita hapo, kwenye kona anarushwa huku na huku. Kikaze kwa mikanda miwili ya mizigo, kwa sababu kizimba kisichofungwa nacho ni mzigo unaoruka. Chini weka mkeka wa mpira. Trei ya plastiki inateleza, na mbwa anayeteleza hutapika haraka. Mlo wa mwisho uwe muda wa saa nne hadi sita kabla ya kuanza kupanda. Maji mpe kidogo kidogo. Kwa siku hesabu mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo, na zaidi kukiwa na joto. Mkisimama kula Mombo, mbwa ashuke nanyi. Nje kukiwa nyuzi 30, ndani ya gari lililofungwa joto hupita 45 ndani ya nusu saa.

Msipange kulala Mkomazi. Ni hifadhi ya taifa, na mbwa wa kufugwa haruhusiwi. Sababu ni ya msingi: mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini ndio walioshukiwa kuwa chanzo. Tafuta kambi ya mtu binafsi, piga simu kwanza, uulize kuhusu mbwa waziwazi. Beba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Sasa kigingi. Kwenye ardhi kavu kinashika. Kwenye udongo wa Usambara uliolowa, mbwa mkubwa akikimbia na kufika mwisho wa kamba, kinang'oka, naye anaondoka nacho kikimpiga miguuni. Hiki msinunue. Chukueni kamba ya mita kumi, ifungeni kati ya miti miwili juu ya kichwa cha mbwa, mpitishe ringi inayoteleza, kisha kamba fupi hadi kwenye mkanda wa kifuani. Anatembea bila kujizongazonga, na inagharimu kidogo.

Usiku wa Juni na Julai kule ni baridi kweli. Mbwa alale ndani ya hema juu ya sponji, kucha zikiwa zimekatwa, la sivyo wavu wa mlango unachanika siku ya kwanza. Kidonge cha kupe mpe kabla ya safari, lakini kidonge huua kupe akishauma. Kwa hiyo kila jioni pitisha vidole masikioni, kwapani na katikati ya vidole vya miguu.