Kituo cha afya kisichoitisha kitambulisho, Mombasa: uzoefu wangu

Kama wewe ni Mtanzania, Mganda au Mrundi na unafanya kazi ya ngono hapa Mombasa, swali la kwanza kuhusu kituo chochote cha afya si kama dawa ni za bure. Ni kama wanaitisha kitambulisho. Hiki ninachokwenda mimi hawaitishi, na kwa hilo peke yake nakipa nyota nne.

Mimi ni wa Tanga. Nilivuka mpaka wa Horohoro kihalali, pasipoti ikagongwa mhuri, ila mhuri wenyewe ni wa mgeni, haunipi ruhusa ya kazi ya aina yoyote. Kwa hiyo dirisha la mapokezi nililiogopa kuliko ugonjwa. Kuna hospitali niliyowahi kwenda nina homa na maumivu chini ya kitovu. Dada wa mapokezi akataka namba ya kitambulisho, akataka SHA, ile bima ya afya ya serikali ya Kenya, halafu akauliza kwa sauti iliyofika hadi mabenchi ya nyuma, "Kwani huku unafanya kazi gani?" Nikaondoka na homa yangu.

Kituoni nilipelekwa na mwelimishaji rika, mwenzetu wa kazi hii hii, anayetuzungukia kwenye baa na gesti na kondomu na vilainishi mkobani. Sista aliyenipokea akasema, "Dada, nipe jina ambalo nikikuita utaitika." Kwenye faili unakuwa namba ya siri. Usilione dogo hilo. Serikali ya Kenya iliwahi kutaka kuchukua alama za vidole kwenye utafiti wa VVU wa makundi kama letu, na wafanyakazi wa ngono wenyewe wakakataa, wakiwa pamoja na watetezi wa haki kama KELIN, kwa hofu ya orodha ile kuishia mikononi mwa polisi. Sisi wageni tuna polisi na uhamiaji pia.

Huduma ni zile unazozitarajia: kupima VVU, kaswende na kisonono, sindano ya uzazi wa mpango, na PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya hatari. Kondomu ikipasuka, au mtu akikulazimisha, wanatoa PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya hatari. Uianze ndani ya saa 72, kisha umeze siku 28 bila kuruka. Nisichokitarajia ni kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Wanapaka siki nyepesi, sehemu yenye shida inabadilika rangi kuwa nyeupe, unapewa jibu papo hapo. Ukifikisha miaka thelathini bila kupima, nenda. Haiumi kama mnavyotishana.

Na kuna barua ya rufaa. Nikitaka kwenda nyumbani, wananiandikia dawa ninazotumia na majibu ya vipimo, bila neno hata moja kuhusu kazi yangu. Tanga niliitoa, nikahudumiwa bila maswali. Kwa mtu anayeishi huku na kule, karatasi hiyo ina thamani kuliko ushauri nasaha wote.

Nyota moja nimeibakiza. Wanafungua asubuhi na kufunga jioni, saa za ofisi, utadhani wateja wao ni makarani. Tukitoka kazini alfajiri, saa mbili ndiyo kwanza tunalala. Mtoto wako hatibiwi pale. Ukihitaji picha ya ultrasaundi unaelekezwa nje, na huko nje utalipa mwenyewe, kwa sababu bima ya SHA inarudi palepale kwenye kitambulisho.

Halafu mwaka 2025. Marekani iliposimamisha misaada Januari, mlango ulifungwa na waelimishaji rika wakarudishwa nyumbani. Ruhusa ya dharura iliyofuata ilibakiza PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu, kana kwamba virusi vinauliza kwanza kama una mimba. Sasa kituo kimerudi, kimebanwa kwenye vyumba viwili ndani ya zahanati ya umma. Sista ni yuleyule. Foleni ni moja na ya watu wote, kwa hiyo usishike namba ya mapokezi. Pita moja kwa moja hadi mlango wa nyuma, sema umekuja kwa sista. Fika kabla ya saa nne, maana mchana anatoka kwenda mitaani. Kama unasafiri, omba barua na dawa za miezi mitatu mapema, si siku ya basi.