Drili ya Nyumbani: Ipi Uanze Nayo, Ipi Uiache Dukani

Watu wengi hununua drili kwa sababu ya pazia. Mtu amehamia, madirisha yako wazi, fundi anataka hela kwa kila tundu, basi anaona heri awe na mashine yake. Akifika Kariakoo maneno yanaanza: hii wati 1,200, hii volti 88, hii ina vifaa mia ndani ya boksi. Swali ambalo muuzaji hamuulizi ni nyumba yake imejengwa kwa kitu gani.

Na hilo ndilo linaloamua. Fimbo ya pazia hukaa juu ya dirisha, na juu ya dirisha pana linta: zege la kokoto lenye nondo ndani. Tofali la saruji lililo chini yake hutoboka kwa drili yoyote yenye nyundo, yaani inayogonga huku ikizunguka. Linta ni habari nyingine. Matofali ya kuchoma ya Iringa na Mbeya hayataki kupigwa sana, yatamung'unyuka na tundu litakuwa pana kuliko plagi ya plastiki unayotaka kuichomeka. Kuta za mawe ya matumbawe za Zanzibar, Lamu na Mombasa ya zamani ndizo laini kuliko zote. Huko unazima nyundo kabisa na kwenda polepole. Mpangilio ufuatao ni kwa nyumba ya kawaida ya matofali ya saruji, na kwa mtu ambaye baada ya pazia atataka kutengeneza rafu, kufunga bawaba na kutoboa chuma mara mojamoja.

1. Drili ya waya yenye nyundo, mdomo wa milimita 13, wati 600 hadi 850

Hii ndiyo ya kuanza nayo. Mdomo ni sehemu ya mbele inayobana biti, yaani kile chuma kinachotoboa. Haina betri ya kufa, inatoboa mbao, chuma na tofali, na kila mji una fundi anayeijua. Hakikisha ina mambo matatu: swichi inayoongeza mwendo kadiri unavyobana kidole, kitufe cha kurudisha nyuma, na nyundo inayozimika. Drili ya mwendo mmoja tu ni karaha kwenye chuma, kwa sababu chuma hutaka mwendo wa chini, na ukikikimbizia biti inageuka buluu na kuisha makali.

Wati zisikubabaishe. Namba iliyo kwenye lebo ni umeme unaoingia, siyo nguvu inayofika kwenye biti, na mashine za bei ya chee huandikwa namba yoyote inayovutia. Ishike mkononi. Mota yenye shaba ya kutosha ina uzito. Zungusha mdomo kwa vidole: usicheze pembeni. Kunja waya: wa mpira unalegea vizuri, wa plastiki ngumu utakatika shingoni, pale unapoingilia kwenye mpini. Ukiona plagi haina waya wa ethi usishtuke, tafuta alama ya mraba ndani ya mraba kwenye lebo. Maana yake mashine ina insuleshini maradufu na haihitaji ethi.

Kuhusu majina: Makita, DeWalt na Bosch za buluu ni za mafundi wa kila siku. Bosch za kijani zimetengenezwa kwa matumizi ya nyumbani, na mtu wa kazi za wikendi hana sababu ya kuzidharau. INGCO na Total ni nafuu zaidi na zimeenea sana madukani, na kwa matumizi ya nyumbani zinatosha. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji akuonyeshe kaboni za mashine hiyohiyo, vile vipande viwili vinavyopitisha umeme kwenye mota na hulika kwa matumizi. Akizitoa chini ya kaunta, nunua pea moja papo hapo. Akianza hadithi, nenda duka la jirani. Na chukua risiti ya EFD (ya mashine ya kodi); waranti bila risiti ni maneno matupu.

Linta je? Kwa drili hii inawezekana, ukiwa na biti mpya ya ukutani na subira. Toboa, toa, pumzisha, rudia. Ukisikia biti imegota na inalia bila kushuka, umekutana na nondo. Usilazimishe. Sogeza tundu sentimita chache juu au chini.

2. Mashine ya SDS-Plus, ya kilo mbili hadi tatu

Kama unakaa ghorofani kwenye nguzo na kuta za zege, ipandishe hii iwe ya kwanza. Kwa wengine ni ya pili, au ya kuazima.

Tofauti yake na drili ya nyundo iko tumboni. Drili ya kawaida ina visahani viwili vya meno vinavyokwaruzana. Inapiga zaidi ya mara 40,000 kwa dakika, lakini kila pigo ni dogo, na nguvu yake inategemea wewe unavyosukuma. SDS ina pistoni inayogandamiza hewa, na hewa hiyo inarusha nyundo halisi. Mapigo ni yapata 4,000 hadi 5,000 tu kwa dakika, ila kila moja ni kubwa, kati ya jouli (kipimo cha nguvu ya pigo) mbili na tatu kwa mashine ya ukubwa huu. Ndiyo maana tundu la milimita 8 kwenye linta linaisha kwa sekunde chache wakati mwenzako wa drili ya kawaida bado anatoka jasho. Huhitaji kuegemea. Ukiegemea sana unaizuia isipige.

Ubaya wake: haishiki biti za kawaida. Mkia wa biti zake ni wa milimita 10 wenye mifereji, ukichomeka unajifunga wenyewe. Kuna mdomo wa kuongezea unaouzwa kwa ajili ya biti za kawaida, lakini biti inayumba na mashine ni nzito, kwa hiyo kwa bawaba za kabati haifai. Kabla ya kuchomeka biti, paka grisi kidogo kwenye mkia. Wengi hawafanyi hivyo, halafu wanashangaa mdomo umelegea.

3. Drili ya betri, 18V au 20V

Kwanza tuondoe utata: 18V na 20V ni kitu kimoja. Ndani mna seli tano za lithiamu, kila moja ikihesabiwa volti 3.6, jumla 18. Zikijaa kabisa kila moja inakaribia 4.2, jumla 21, na wauzaji wanachagua namba inayowapendeza. Zile zilizoandikwa 48VF, 88VF na kuendelea, zisikutie wazimu. Geuza chaja usome inatoa volti ngapi. Ikiandikwa 21V, ni seli tano. Ikiandikwa 12.6V, ni seli tatu. Chaja haina sababu ya kudanganya.

Ni mashine tamu kutumia. Kufunga skurubu hakuna kinachoishinda, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Niliiweka ya tatu kwa sababu ya betri. Joto la Pwani huzichosha, hasa ukiacha mashine ndani ya gari juani, na betri ikifa unaweza kukuta bei ya mpya inakaribia nusu ya bei ya mashine nzima. Kabla ya kununua, uliza betri peke yake inauzwa shilingi ngapi na kama ipo. Chagua pia kampuni ambayo betri hiyohiyo inaingia kwenye grenda na msumeno wake, maana hutaishia kwenye drili.

Ikiwa mfuko unaruhusu, chukua isiyo na kaboni. Haina cha kulika ndani ya mota, na betri inadumu zaidi kwa kila chaji. Ukiiweka kabatini muda mrefu, iache betri nusu, siyo tupu.

4. Drili ndogo ya betri, 12V

Nzuri kwa fundi wa fanicha anayefunga skurubu kutwa nzima, na kwa kazi za ndani ya kabati mkono usikofika. Ukutani isahau. Nunua kama ya pili.

5. Mashine za mtumba

Hapa ndipo hela za watu zinapotelea. Makita ya mtumba kutoka Japani inaonekana mpya, bei nusu, ukiichomeka inalia kwa sauti ya ajabu kisha moshi. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani 120, wetu ni 230 Tanzania na 240 Kenya. Hata za Uingereza si salama kuziamini kwa macho: mashine nyingi za kwenye majengo kule hutumia volti 110 kupitia transfoma, na plagi yake ya njano ndiyo inayoziumbua. Wajanja huikata na kufunga plagi ya kawaida. Soma lebo ya chuma au ya karatasi iliyo ubavuni. Ikiwa imekwanguliwa, rudisha mahali ulipoitoa. Iliyoandikwa 220–240V inaweza kuwa bahati kubwa, ila ijaribu hapohapo kwa dakika kadhaa, na chungulia kwenye matundu ya hewa: cheche ndogo za buluu ni kawaida, duara la moto siyo.

Ikishafika nyumbani

Adui wa kwanza ni vumbi la saruji. Baada ya kutoboa, iwashe bila mzigo kwa nusu dakika ikitazama chini, kisha pulizia matundu ya hewa. Ukitoboa dari, toboa katikati ya kopo la plastiki ili biti ipite na vumbi libaki ndani ya kopo. Waya wa ekstensheni usiwe mwembamba wala usibaki umeviringwa. Umeme unapungua njiani, mota inahangaika na kupata joto.

Mashine ikigoma, anza na vitu vya bei ndogo. Inawaka ukichezesha waya na kuzima ukiuachia? Waya umekatika shingoni. Kata kipande, funga upya. Inawaka na kuzima yenyewe, cheche zimezidi? Fungua vifuniko vya kaboni. Zikiwa zimebaki milimita tano au sita, badilisha zote mbili kwa pamoja, na ziwe za ukubwa uleule. Kaboni pana iliyosuguliwa kwa msasa ili iingie ni dawa ya siku moja tu. Inapiga kelele ya kusaga? Ni beringi, na nyingi za drili ni namba 607 au 608, ambazo maduka ya beringi huwa nazo. Nenda na ya zamani mkononi.

Amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka yenye nyaya za shaba, ikiungua, harufu utaijua kabla hujafungua mashine. Kwa SDS nzuri au drili ya Makita halisi, kusuka amecha au kununua nyingine kuna maana. Kwa drili ya bei ya chini, mpe fundi aibakishe kama spea: atachukua swichi, gia na mdomo, na atakupunguzia bei ya kazi nyingine.