Nimenunua sizoni ya Wachina wa kale pale Kirumba: dijei yuko vizuri, ila Zhou Yu kaonewa

Nianze na duka maana ndo nililokuja kulisema hapa. Ni laibrari ya muvi maeneo ya Kirumba hapa Mwanza, ukiwa unashuka kuelekea mwaloni utaona kibanda kimebandikwa mabango mpaka mlango hauonekani, jina silitaji maana dogo anayeuza pale ni mtu poa na sitaki akose riziki kwa sababu yangu. Unaenda na flashi yako, unasema unataka nini, unakaa kwenye benchi unasubiri anakujazia. Mi nilienda na ya GB 32 nikamwambia nataka ile sizoni ya Wachina ya falme tatu, ya enzi China ilipogawanyika karne ya 3, iliyotafsiriwa. Akanichaji elfu tano nzima nzima. Akaniambia "kaka hii ukiianza hulali" na kweli aisee sikulala.

Kilichonipeleka kule ni sanamu. Kuna duka la Mchina nilienda kununua pampu, juu ya kaunta kuna kijimeza kina machungwa na udi, katikati sanamu ya jamaa uso mwekundu, ndevu mpaka kifuani, kashika kitu kama panga limefungwa kwenye mpini mrefu. Nikajua ni mungu wao. Nikauliza, nikaambiwa huyo alikuwa jenerali, mtu kabisa, anaitwa Guan Yu, alikufa kama miaka 1,800 iliyopita. Yani mwanajeshi kauawa vitani leo analinda duka la pampu Mwanza. Nikasema huyu lazima nimjue.

Sasa malalamiko. Nimefika nyumbani nachomeka kwenye tivii, episodi za mwanzo safi, nafika katikati naona sura zimebadilika. Cao Cao, yule mbabe wa kaskazini, niliyemzoea hayupo, kuna baba mwingine kabisa anaitwa hivohivo. Nikadhani amekufa karithiwa na mwanae. Kumbe hii hadithi imetengenezwa zaidi ya mara moja, kuna sizoni ya 1994 yenye episodi 84 na kuna ya 2010 yenye episodi 95, na dogo kanichanganyia zote mbili kama pilau na makande. Nikarudi. Ananijibu "kaka si Wachina wanafanana". Nikamwambia dogo usiniletee habari hizo, mi nimefanya nao kazi miaka miwili nawajua mmoja mmoja. Akacheka akanibadilishia bure, hapo nampa maksi zake. Sema bado kuna episodi tatu hazifunguki mpaka leo na virusi vya kutosha.

Dijei mwenyewe, yani anayeitafsiri muvi kwa sauti yake, ni fundi, hilo sibishi. Sauti iko juu, haimezwi na muziki, na anajua kuchombeza. Cao Cao anamuita Kaokao, sawa tu, wangapi wanaweza kulitamka vizuri. Zhuge Liang, yule mshauri mwenye kipepeo cha manyoya cha kujipepea, anamuita Mganga, na kila akitokea anasema "huyu jamaa kasomea Gamboshi", kile kijiji kinachosifika kwa uchawi. Mtaa mzima tulivunjika mbavu. Ila hapohapo ndo tatizo langu na hii tafsiri linapoanzia, na nitaeleza kwa kirefu kidogo mnivumilie.

Tunaangalia na baba mdogo. Baba mdogo ni mvuvi wa dagaa, na mwezi ulikuwa mkubwa, si mnajua mwezi ukiwa mkubwa dagaa hafuati taa kwaiyo wavuvi wanapumzika nyumbani, wanashona nyavu wanakula wanagombana na wake zao. Akaja kukaa na mimi jioni tatu mfululizo. Muvi za mapanga hazipendi, anasemaga watu wanaruka ovyo. Ila tulipofika ile vita ya mtoni akasogeza kiti.

Vita yenyewe ni ya mwaka 208, inaitwa Chibi, maana yake ni Miamba Myekundu, sisi watu wa Mwanza, jiji la mawe, tukajisikia nyumbani. Cao Cao kashuka na jeshi kubwa kutoka kaskazini, kafika mto Yangtze, ng'ambo kuna Sun Quan, mtawala wa kusini, na Liu Bei, bosi wa Zhuge Liang na Guan Yu, wameungana. Wanajeshi wa Cao Cao ni watu wa farasi, maji hawajazoea, wanatapika ndani ya meli. Baba mdogo akasema "kama wale wageni wa kwenda Ukara, wanapanda wamechangamka wanashuka wamebebwa". Ili meli zisiyumbe zikafungwa pamoja. Akatikisa kichwa. "Ukifunga mitumbwi hivo umetulia kweli, ila moto ukija hakuna wa kumkimbia mwenzake."

Afu ikaja ile sehemu. Zhuge Liang kapanda kwenye jukwaa, nywele kaziachia, upanga mkononi, anaomba upepo wa mashariki. Dijei kapagawa, "Mganga anaita upepo! Mganga anaita upepo!" Baba mdogo akaweka kikombe cha chai chini.

"Huyo haiti kitu," akasema. "Upepo hauitwi mwanangu, unasubiriwa. Huku kwetu usiku unatoka nchi kavu, mchana unarudi kutoka ziwani, mtoto wa mvuvi wa miaka saba anajua. Huyo kaenda kuuliza wavuvi wa pale halafu kaja kujifanya mganga."

Nikacheka, ila usiku nikaingia kwenye simu nikaanza kusoma, bundle lote likaisha. Aisee baba mdogo yuko sahihi kuliko dijei. Mwanahistoria aliyeandika habari za falme tatu anaitwa Chen Shou, aliishi karne hiyohiyo ya 3, na kwake hakuna jukwaa wala maombi. Kuna ofisa wa Sun Quan anaitwa Huang Gai, ndo aliyeona meli zimebanana akatoa wazo la kuzichoma. Akamwandikia Cao Cao barua ya uongo kwamba anajisalimisha, akapakia meli kuni na matete makavu, akamwagia mafuta, akafunika na turubai, akaenda nazo. Upepo siku hiyo ulikuwa mkali ukielekea kwa adui. Basi. Na maradhi yalishaanza kuwamaliza hata kabla ya moto. Hadithi ya maombi imekuja na riwaya, na riwaya hiyo inayosemwa ni ya Luo Guanzhong ni ya karne ya 14, yani zaidi ya miaka 1,000 baada ya vita.

Na kamanda wa majini wa Sun Quan kwenye ile vita alikuwa Zhou Yu. Huyu ndo mtu wangu, huyu ndo aliyenifanya niandike. Kwenye sizoni utamuona ni jamaa mzuri wa sura ila roho mbaya, anamuonea wivu Zhuge Liang mpaka anatapika damu, na dijei kamshukia kweli, kamuita "bwana roho ya korosho" kila episodi. Mwishoni kwenye hadithi anakufa analia kwamba kama mbingu zimemzaa Yu kwanini zikamzaa na Liang. Kwenye historia hakuna hicho kitu kabisa. Aliugua akafa mwaka 210 akiwa anajiandaa na vita nyingine, ana miaka thelathini na kitu tu. Na sifa yake ilikuwa kinyume: mtu wa moyo mkubwa. Kulikuwa na jenerali mzee anaitwa Cheng Pu, alikuwa anamdharau na kumtukana kwa sababu ni kijana, Zhou Yu akawa anamnyenyekea tu wala hamrudishii. Mwishowe mzee mwenyewe akakubali akasema kukaa na Zhou Yu ni kama kunywa pombe tamu, unajikuta umelewa hujui saa ngapi. Afu mtu wa muziki balaa, hata akiwa ameshapiga vikombe vitatu, mpigaji akikosea noti moja anageuka kumwangalia. Watu wakatunga na msemo kabisa, wimbo ukikosewa Zhou atageuka.

Na hesabu alikuwa nazo. Cao Cao kajitangaza ana watu laki nane, wazee wa Sun Quan wanataka kujisalimisha. Zhou Yu akakaa na bosi wake akamchambulia: waliotoka kaskazini hawazidi elfu 160 na wamechoka, waliotekwa njiani ni elfu 70 au 80 na mioyo yao bado haijatulia, ni baridi na farasi hawana majani, maji hawayajui, wataugua. Nipe elfu 30 nimalize kazi. Kamalizia kweli. Mtu kama huyu leo mtaani Kirumba anajulikana kama roho ya korosho na aliyepewa ushindi wake ni mganga mwenye kipepeo. Mimi ingekuwa ni babu yangu ningefungua kesi.

Zhuge Liang si kwamba alikuwa mtu hovyo, hapana. Mwaka 208 alikuwa kijana wa miaka 27 na kazi aliyofanya ni ya kidiplomasia, kwenda kumshawishi Sun Quan waungane. Baadae akawa waziri mkuu safi kabisa, wa haki, Chen Shou kamsifia sana kwenye utawala. Ila kwenye vita kasema kila mwaka anatoka na jeshi na hafanikiwi, labda ujanja wa vitani haukuwa fani yake. Ile ya kuteka mishale kwa boti za manyasi sio yake pia, inafanana na kisa cha Sun Quan mwaka 213, boti yake ilipigwa mishale upande mmoja ikaanza kulala, akaamuru igeuzwe ipigwe upande wa pili ikae sawa. Baba mdogo kile kisa cha Sun Quan kakikubali mara moja. "Hicho kinaingia akilini, mzigo lazima ulingane."

Guan Yu wa dukani je? Nusu kwa nusu. Ile ya kwenda kumkata Hua Xiong, jenerali wa adui, na kurudi pombe ikiwa bado ya moto, tamu sana, nimeirudia mara nne, lakini aliyemmaliza Hua Xiong ni jeshi la Sun Jian, baba yake Sun Quan. Ile ya daktari kumkwangua mfupa wa mkono kutoa sumu huku yeye anakula na wenzake, hiyo kweli ipo kwenye historia, ila daktari hakutajwa jina, Hua Tuo wa kwenye hadithi alikuwa ameshakufa. Panga dijei kasema lina kilo 82. Kwenye riwaya ni jin 82, na jin ya siku hizi ni nusu kilo. Kumuua Yan Liang, jenerali mwingine wa adui, katikati ya jeshi lake mwaka 200, hiyo kweli mia kwa mia, sema majivuno ndo yalimmaliza, Sun Quan akamkata kichwa. Siku steringi anakufa watoto wa jirani waliondoka sebuleni kwa hasira, mmoja anasema "steringi hafi, mmekata muvi."

Iliyonichekesha kuliko zote ni ya Liu Bei. Kwenye riwaya Zhang Fei mlevi ndo anamchapa viboko yule mkaguzi wa serikali, Liu Bei mpole anakuja kuamua ugomvi. Kwenye historia aliyemfunga mkaguzi na kumcharaza viboko 200 ni Liu Bei mwenyewe! Mwandishi kaona mheshimiwa atachafuka, kesi kamtupia Zhang Fei, mdogo wake wa kiapo, ambaye jina lake lilikuwa limeshachafuka. Hii si inafanyikaga hata kwenye familia zetu. Ingawa Zhang Fei naye hakuwa malaika, wakubwa aliwaheshimu, wadogo aliwanyanyasa, wakamuua hao hao askari wake.

Na Cao Cao mnayemchukia, baada ya kumpiga Yuan Shao, hasimu wake wa kaskazini, alikuta barua za watu wake mwenyewe waliokuwa wanawasiliana na adui kwa siri. Akazichoma. Ila pia aliua raia wengi sana kule jimbo la Xu, hilo sizoni inapita juujuu. Nilipokuwa naendesha tipa kwenye ujenzi wa daraja la Kigongo-Busisi, fomeni wetu wa Kichina mtu akisemwa akatokea alikuwa anasema "Cao Cao!" tukawa hatuelewi. Kumbe kwao ukimtaja Cao Cao, Cao Cao anafika. Sisi tungemwambia utaishi miaka mingi.

Kwaiyo maksi: duka nalipa nyota tatu kati ya tano, moja nimekata kwa kuchanganya sizoni, nyingine kwa virusi. Dijei nne. Nendeni na flashi zenu na mkague sura ya Cao Cao mwanzo na mwisho kabla hamjaondoka pale. Dogo siku hizi kanigeuka, anadai nimlipe buku la ziada kwa kubadilisha, mi namdai episodi tatu, tutaelewana.

Giza limeingia tena na baba mdogo yuko kambini kisiwani. Juzi kapiga simu, nikajua ni habari ya mafuta ya injini, kumbe anauliza yule kamanda wa majini kaishia wapi. Nikamwambia sijaendelea nakusubiri. Nimeshaendelea. Ile episodi anayotapika damu nimeifuta kwenye flashi.