Gauni Langu la Lateksi: Uzoefu wa Usiku wa Arusha na Kazi ya Kulitunza

Nimekuwa na gauni la lateksi, yaani mpira mwembamba, tangu Mei mwaka jana na nimelivaa mara tatu tu, zote Arusha, ingawa mimi mwenyewe ni mkazi wa Moshi. Shoga zangu wanadhani ninakimbilia huko kwa aibu ya kuonekana na majirani, lakini sababu ni hali ya hewa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai watu hutoka na masweta, ilhali Moshi iko chini zaidi na joto lake kila mtu analijua. Nguo ya mpira haipitishi hewa wala hainyonyi jasho, kwa hiyo jasho likitoka huteremka mgongoni hadi kiunoni na kukaa hapo, na ukicheza muziki kwa nusu saa utalisikia likitembea. Hata katika baridi ya Arusha nilibeba taulo dogo kwenye mkoba na sikujutia.

Nililiagiza kwa mshonaji mmoja wa Uingereza kwa vipimo vyangu, nikalipa zaidi ya laki tano ukijumlisha usafirishaji na ushuru. Neno mshonaji nalitumia kwa mazoea tu, maana gauni hili halina uzi hata mmoja: vipande hukatwa kutoka kwenye karatasi za mpira, zangu zikiwa na unene wa milimita 0.4, kisha huunganishwa kwa gundi. Sindano ikipita pale huacha tundu, na tundu ndio mwanzo wa mchaniko. Mpira wenyewe ni wa asili, utomvu wa mti ule ule unaopandwa Muheza na Unguja, ingawa sisi wa Kaskazini tuliuzoea zaidi katika sura ya matairi wakati kiwanda cha General Tyre kikifanya kazi Arusha. Asiyeujua mwili wake vizuri aanze na glavu za mpira za hospitali. Zikimwasha au kumvimbisha ngozi, asithubutu kununua gauni zima.

Mara ya kwanza nilivalia nyumbani kwa rafiki yangu anayeishi Njiro, Arusha, na kazi hiyo ilituchukua dakika ishirini. Lateksi kavu hung'ang'ania ngozi, kwa hiyo hulazimu kupaka poda ya mtoto mwilini na ndani ya gauni, au kutumia kilainishi cha silikoni, ambacho mimi nakiona bora kwa sababu hakiachi vumbi jeupe shingoni. Kisha unalikunja gauni kama unavyokunja soksi na kulipandisha kidogo kidogo kwa tumbo la vidole, kamwe si kwa kucha. Rafiki yangu alikuwa ametoka kubandika kucha siku hiyo, nikamwomba akae mbali na kunisaidia kwa maneno tu. Dakika ya kwanza mpira huwa wa baridi kiasi cha kukusisimua, halafu ghafla unashika joto la mwili na unasahau kwamba ulikuwa na baridi. Baada ya hapo tulipitisha kitambaa laini chenye king'arisha cha silikoni, na gauni ambalo lilikuwa limefifia kama tyubu ya zamani likawaka.

Jambo lililonitesa zaidi jioni ile ni mafuta. Tumelelewa kujipaka mafuta baada ya kuoga, na katika baridi ya Arusha asiyejipaka huonekana amepauka kama aliyetembea kwenye vumbi la Mererani. Lakini mafuta ya nazi, ya mgando au losheni yoyote yenye mafuta huingia ndani ya mpira, yakaulegeza na kuuondolea nguvu. Ni sababu ile ile inayofanya tuambiwe tusitumie mafuta pamoja na kondomu za mpira. Nilitoka na miguu iliyopauka chini ya gauni linalometameta, nikajifunika kanga mbili hadi tulipoingia ukumbini. Huko nako tukaletewa sinia la nyama choma na ndizi, mafuta yakichuruzika kama ilivyo ada. Mtu wa Arusha hali nyama choma kwa uma, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza, lakini nisingeweza pia kupangusa vidole mapajani kama wenzangu. Mwishowe rafiki yangu alinilisha kwa vijiti vya meno, kipande kimoja kimoja, huku meza ya jirani ikiangalia kwa makini kuliko ilivyoangalia gauni.

Sasa nieleze kasoro, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nitoe nyota nne badala ya tano. Gauni langu ni la rangi ya krimu, na usiku ule nilivaa bangili ya shaba niliyoinunua Soko la Wamasai. Siku mbili baadaye niliona madoa ya kahawia upande wa kushoto wa nyonga, pale mkono ulipokuwa ukipumzika. Niliyasugua kwa sabuni, yakabaki. Nikaja kufahamu kwamba shaba na madini yenye shaba ndani yake huacha doa lisilotoka kwenye mpira wa rangi nyepesi, na kwamba hata kushika sarafu au funguo kisha kuligusa gauni kunaweza kuleta balaa hilo. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na mzigo ilisema tu nguo iwekwe mahali pakavu penye ubaridi. Kwa bei ile, mstari mmoja kuhusu shaba haukuwa mwingi. Anayeagiza leo ningemshauri achukue jeusi.

Mara ya pili, wakati wa kushuka kwenye bajaji, pembe ya bati la kiti ilinitobolea gauni chini ya nyonga, tundu dogo kama punje ya mchele. Fundi cherehani niliyemwonyesha Moshi alikuwa ameshatia uzi kwenye sindano nilipomnyang'anya gauni. Ndipo nilipokumbuka mzee anayeziba pancha za baiskeli karibu na kituo chetu cha daladala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na hii ni tyubu ya chombo gani?"

Nilipomweleza kwamba ni gauni aliliminya kati ya vidole viwili, akalivuta, akaliachia, akasema kwamba mpira huu ni mzuri kuliko anaouziwa yeye. Alitaka kulikwangua kwa msasa kama afanyavyo kwenye tyubu. Nikamsihi tusafishe kwa spiriti tu, na tujaribu kwanza kwenye masalio ambayo mshonaji alikuwa amenitumia. Alipaka gundi nyembamba upande wa tundu na upande wa kiraka, akanionya nisiharakishe, kwa kuwa gundi mbichi haishiki. Tulingoja mpaka ilipoacha kunata kidoleni, akabandika kwa ndani na kukandamiza kwa ubavu wa chupa ya soda. Alinitoza bei ya pancha. Kiraka hicho kimeshapita usiku mwingine mzima wa kucheza na hakijainua hata ukingo.

Kulifua hakuna ugumu, ila kunataka uwe mwenyewe. Usiku ule ule, au asubuhi yake, ninalitia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya shampuu ya mtoto, nalisuuza ndani na nje bila kulikamua, kisha nalitundika bafuni kwenye henga ya plastiki. Upande mmoja ukikauka nageuza wa pili taratibu, kwani lateksi ikiwa na maji hujigandamiza yenyewe kwa yenyewe. Pasi haliijui, na jua ni adui yake mkubwa. Siku moja binti anayenisaidia nyumbani, kwa nia njema kabisa, alilianika uani katikati ya mchana. Nililiwahi baada ya dakika chache, na tangu hapo sote wawili tunajua kwamba nguo ile haitoki bafuni. Kuna mtu pia alinishauri dawa ya kung'arishia dashibodi ya gari kwa kuwa ni ya bei nafuu, lakini baadhi ya dawa hizo zina mafuta ya petroli, hivyo nimebaki na silikoni safi.

Likishakauka nalipaka poda ndani na nje lisijishike, nalikunja kwa ulegevu na kulitia kwenye mfuko mweusi, mbali na nguo nyingine, kwa sababu rangi ya lateksi nyeusi ya mkanda wangu inaweza kuhamia kwenye krimu. Wakati naandika haya ni Januari, feni inazunguka na hata kanga naiona nzito. Gauni liko juu ya kabati, na rafiki yangu wa Njiro ameshaniuliza kuhusu Juni.