Unaanza kutafuta dhahabu kwa detekta? Vifaa vya kununua na vya kuacha dukani

Haya, karibuni tena. Leo detekta yenyewe, ile mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa, nimeiacha ndani makusudi. Kila siku mnaniuliza ninunue mashine gani, ninunue mashine gani, halafu mtu akishaipata anaingia nayo porini na jembe la kuazima, mlio mmoja unamla saa nzima. Kwa hiyo hapa mezani nimepanga vile vidogo vinavyoandamana na mashine, kwa mtu anayeanza na hela yake ni ya mawazo.

Nazungumzia dhahabu ya juu juu, ya kwenye udongo, kama ile ya Chunya, Mbeya. Huko kwenye uwanda wa Lupa watu wanaokota tangu dhahabu igundulike kule mwaka 1922, na mpaka leo vijana wanatembea na mashine. Nasema hivi kwa sababu video nyingi mnazoziangalia ni za Wazungu wanaotafuta sarafu za zamani kwenye mashamba ya Uingereza. Vifaa vyao vingine vinatufaa, vingine hapana, na hapo ndipo hela za watu zinapopotelea.

Mfano ni hiki cha rangi ya chungwa. Pinpointa. Ni detekta ndogo ya mkononi, unaichomeka kwenye shimo ikuonyeshe kitu kiko upande gani. Inayosifiwa sana ni Garrett Pro-Pointer AT, inatumia betri moja ya volti 9 na inaingia majini hadi mita 6. Wenyewe wanaiita karoti. Ni kifaa kizuri, sina ugomvi nacho. Lakini tazameni. Hiki ni kipande cha risasi, nimekikata kidogo kuliko punje ya mchele. Natumia risasi kwa kuwa inalia karibu sawa na dhahabu, na haina gharama. Nasogeza ncha... kimya. Nasogeza tena... kimya. Mpaka imekaribia kugusa ndiyo inatetema, mmesikia? Sarafu ingeiona mapema zaidi. Sasa sisi tunachookota mara nyingi ni kadogo namna hii. Kwa anayeanza, pinpointa isubiri. Na zile za bei poa zilizopakwa rangi hiyo hiyo zisikutie tamaa. Hii ya bei poa niliyo nayo ikipata jua kali inaanza kulia yenyewe.

Sasa njoo huku. Kichotio cha plastiki. Huyu ndiye bosi wa meza hii, na ndiye wa bei ndogo kuliko wote. Ukikosa cha dukani, chukua dumu la mafuta ya kula, likate kwa mshazari, acha mpini. Hiki changu ndivyo kilivyo.

Kazi yake iko hivi. Mashine imelia. Unakwangua udongo wa juu, unapitisha tena koili, ile sahani ya chini ya mashine inayohisi metali. Bado inalia shimoni? Chimba. Ikinyamaza shimoni, basi kitu kimeshatoka, kiko kwenye udongo uliouweka pembeni. Unachota udongo ule na kichotio, unakipitisha juu ya koili. Kikilia, unamwaga nusu kiganjani, unapitisha kilichobaki. Kimya? Basi kiko kiganjani. Unagawa tena nusu, na nusu, mpaka umebaki na kijiko cha udongo, halafu unaudondoshea taratibu juu ya koili. Dhahabu ni nzito, inagonga plastiki na mashine inapiga kelele hapo hapo. Ukizoea, ni dakika moja au mbili. Ndiyo maana kichotio lazima kiwe plastiki tupu, kisiwe na hata ribiti moja ya chuma. Na mkono unaopita juu ya koili vua pete, vua saa. Buti lenye chuma kidoleni nalo liache nyumbani, maana kila ukipeleka mashine mguuni litalia.

Cha pili, sumaku. Toa kwenye spika mbovu, ile ya duara, ifunge kwenye kichwa cha sururu kwa mpira wa tairi. Maeneo yenye machimbo ya zamani yamejaa misumari, vipande vya waya, visoda. Ukikwangua, takataka ya chuma inanasa yenyewe, mlio unaisha, unasonga mbele. Dhahabu hainasi kwenye sumaku, wala risasi, wala alumini, kwa hiyo ikilia na sumaku haijakamata kitu, ongeza umakini.

Sururu yenyewe usinunue ile nzito ya kupasulia mwamba. Nenda kwa mhunzi, mwambie akufulie nyepesi kwa springi ya gari, upande mmoja upana kama jembe dogo, upande wa pili ncha. Mpini wa mti, siyo bomba.

Hedifoni. Hapa sibani sana, ila nunua. Mlio wa kitu kilichozama ni mwembamba, upepo unaumeza. Na kuna sababu nyingine mnaijua: mkiwa wengi porini, mashine ikilia kwa spika kila mtu anageuza shingo. Kabla hujalipa, angalia pini. Mashine nyingine zina tundu nene la milimita 6.35, nyingine jembamba la 3.5. Chukua yenye kirungu chake cha kupunguza sauti.

Kava ya koili, ndiyo, hasa kwenye changarawe, lakini ifungue kila jioni uipanguse. Mchanga mweusi wenye chuma ukikwama mle ndani mashine inaanza kukudanganya.

Kitu cha kutonunua kabisa: zile antena mbili za mkononi zinazodaiwa kuona dhahabu kutoka mita mia na zaidi. Hakuna detekta ya koili inayofanya hivyo, na hizo antena hazifanyi chochote. Kuna watu wameuza ng'ombe kwa ajili yake. Na mkinunua detekta, kueni macho pia, Minelab wenyewe, watengenezaji wa detekta, wameshaonya kuhusu mashine bandia zenye jina lao zinazoletwa Afrika.

Halafu karatasi, jamani. Dhahabu ni madini ya serikali, kwa hiyo ingia kwenye eneo la mwenye PML, yaani leseni ya mchimbaji mdogo, kwa makubaliano, mgao wenu muuandike. Kwenye magofu, Kilwa, Kaole na kwingineko, mashine isitolewe hata kwenye begi. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Na fukia mashimo. Ng'ombe akivunjika mguu, mfugaji atakutafuta wewe, hatatafuta mashine.

Cha mwisho mezani ni hiki kimizani cha kusomea hadi gramu 0.01, na kichupa cha dawa chenye kifuniko kigumu. Pima kabla hujaondoka kambini, andika kwenye simu, halafu ndiyo uende soko la madini. Mnunuzi akisoma uzito tofauti na wako, mwombe muweke pamoja kwenye mizani ya soko, mbele ya ofisa. Wenye mashine za betri za kuchaji, niandikieni hapo chini mnachajia wapi mkiwa porini, sola au pikipiki, maana hilo nataka kulifanyia video yake.